Tundu la Inchi Kumi na Nne

Seeb, Juni, saa kumi na moja alfajiri,
kabla bati halijawa kikaango.
Nimepanda juu ya gari kwa ngazi ya jirani.
Kaka yangu Ghassan yuko uani na kikombe chake,
anasema kwa mara ya saba:
"Gari zima, halivuji, unalitoboa mwenyewe!"

Zima, ndiyo. Lilikuwa la dobi,
miaka tisa likisambaza kanzu zilizopigwa pasi
kutoka Hail hadi Mawaleh,
na ukilifunga mlango bado linanuka wanga na mvuke.
Nililala humo usiku mmoja tu, Quriyat,
nikaamka nimerowa
kama shati linalongoja zamu.

Basi nimepima.
Nimepima tena, maana paa lina mbavu
na sitaki kukata ubavu.
Nimebandika utepe, pembe nne,
mraba mweupe juu ya weupe,
na mkono ukasita.

Miaka thelathini na moja chumba cha upasuaji
nilikuwa mtoa kisu, si mkataji.
Daktari ananyoosha kiganja bila kunitazama,
nami najua: namba kumi, namba kumi na tano,
mkasi uliopinda, uzi.
Nimehesabu pamba zikiingia, nikazihesabu zikitoka.
Ngozi ya mtu sijaifungua hata siku moja.
Leo hakuna kiganja.

Ndani, chini yangu, Muhannad mwana wa Ghassan
ameshika mwavuli juu chini,
mwavuli wa mama, aliotoka nao Unguja
akidhani kila nchi ina masika.
Umekaa kabatini miaka hamsini.
Hii ndiyo mvua yake:
kekee inazunguka, chenga za chuma zinanyesha
ti-ti-ti kwenye kitambaa cheusi.
"Shangazi, zinameremeta!"
Miwani, Muhannad. Miwani kwanza.

Kisha msumeno, na kunguru wote wa mtaa
wakahama mtende hadi mtende.
Upande wa kwanza. Wa pili.
Wa tatu ulinipinda kidogo,
nakiri hapa kwa kuwa silikoni imeshaufunika.
Wa nne,
na kipande kikaangukia mwavulini kama sahani,
na mwanga ukaingia gari la dobi kutoka juu
kwa mara ya kwanza,
ukamkalia mtoto kifuani, mraba.

Hata Ghassan hakusema kitu.
Tumefundishwa kuziba ufa.
Ufa unaoutaka mwenyewe
hatukufundishwa.

Yaliyobaki ni kazi ya mikono:
tupa kwenye kingo hadi kidole kipite bila kudaiwa damu,
rangi ya kuzuia kutu,
fremu ya mbao ndani, silikoni nene nje,
skrubu kumi na nane.
Pakiti ilikuwa na ishirini.
Nilizitafuta mbili zile robo saa nzima
nikazikuta mfukoni mwa Muhannad,
maana mimi sifungi mwili
kabla hesabu haijatimia.

Waya mwekundu, waya mweusi, fyuzi.
Akabonyeza.
Pangaboi likazunguka kinyume
likatumwagia vichwani vumbi lote la Seeb,
Ghassan akacheka hadi kahawa ikamwagikia kanzu.
Nikanyoosha kiganja bila kumtazama:
"Bisibisi."
Akaniletea.

Mara ya pili niliinua karatasi laini chini ya wavu.
Ikapaa, ikaganda pale.
Kumbe paa ni jina na ni tendo.
Polepole wanga ukatoka, na mvuke,
na jasho la kanzu za watu nisiowajua,
likabaki gari tu.

Kesho yake silikoni ilipokauka
Ghassan alileta mpira wa maji, hakuombwa,
akalimwagilia paa kama mgomba.
Muhannad alikaa ndani,
mwavuli ameufungua, safari hii sawasawa,
anangoja.
Akangoja.
Hakikudondoka hata kimoja,
na mtoto akatoka amenuna.